Hadithi Fupi na Kigoda cha Milansi

Katika uhakiki wa fasihi yetu hadithi fupi hushughulikiwa mwisho, baada ya riwaya, tamthilia na ushairi, kana kwamba ni mtoto aliyeachiwa ukoko. Wapo hata wanaoieleza kuwa ni riwaya iliyopunguzwa kurasa. Maelezo hayo hayatoshi. Hadithi fupi ina jadi yake na matatizo yake, na katika Kiswahili tatizo lake kubwa, kwa maoni yetu, limekuwa ni mwisho wake: mtunzi hajui kunyamaza. Jambo hili tutalieleza kwa mfano wa Ufipa, kwa sababu mwanafunzi wa Sumbawanga anaishi jirani na masimulizi ambayo yalikwisha kulitatua, ingawa ni nadra masimulizi hayo kuhesabiwa katika historia ya hadithi fupi.

Tuanze na chombo. Hadithi fupi ya Kiswahili iliyoandikwa ililelewa na magazeti. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, liliwazoesha wasomaji wa Tanganyika kusoma visa vya kurasa chache. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na mashindano yake ya hadithi fupi yakazaa mikusanyo iliyochapishwa na Longman, ukiwamo Mapenzi ni Kikohozi na ule wa Pavumapo Palilie. Kisha likaja Azimio la Arusha na kampeni ya kufuta ujinga. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Ilipofika 1977 walikuwa wamebaki 27. Msomaji huyu mpya alihitaji kitu kifupi, na waliomfundisha kusoma walitaka kitu hicho kimfundishe na mengine.

Hebu tuyatazame majina ya mikusanyo ile. Ni methali. Msikilizaji anayejua kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, amekwisha kupewa mwisho kabla hajamjua mpenzi mwenyewe. Kazi inayobaki ni kungoja methali ithibitishwe. Hatusemi kwamba kila hadithi iliyobeba methali ni dhaifu: Gabriel Ruhumbika aliuita mkusanyo wake wa 1978 Uwike Usiwike Kutakucha, na methali hiyo haifungi jambo lolote, inamwambia jogoo tu kwamba asubuhi haimngojei yeye. Lakini kwa watunzi wengi methali imekuwa uzio. Watu wa hadithi hutembea ndani yake, na yule anayetaka kutoka huadhibiwa katika aya ya mwisho.

Mwaka huohuo wa 1978 Euphrase Kezilahabi alitoa katika gazeti la Mzalendo hadithi yake ya Mayai Waziri wa Maradhi. Hapa jina linafanya kazi nyingine kabisa. Serikali zina waziri wa afya; neno moja limebadilishwa, na msomaji hajafika sentensi ya kwanza kabla ya kuona kwamba kuna kitu kimekaa upande. Njozi na uhalisi vimechanganywa, wala mwandishi hatutenganishii. Tena haya yalichapishwa katika gazeti la chama tawala, likasomwa na watu walewale waliozoea kupewa funzo mwishoni. Kwetu sisi hiyo ndiyo hatua kubwa zaidi iliyopigwa na hadithi fupi ya Kiswahili katika muongo ule.

Sasa twende Ufipa. Wafipa husimulia kwamba mtawala wa Milansi alikuwa ametoka kwenda kuwinda. Nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni, Watwachi, wakakikalia kigoda cha enzi. Mtawala aliporudi aliwakuta wamekwisha kukaa. Hapakuwa na vita. Pakawa na mapatano: wageni wakachukua utawala wa nchi, na Milansi ikabaki na heshima yake ya kale na mamlaka ya mambo ya ibada. Kutokana na wageni hao zikatokea himaya mbili za uwanda wa juu, Nkansi na Lyangalile.

Kwa Wafipa hiyo ni tarehe yao, na katika madarasa yetu ingeitwa kisakale. Tunaomba hata hivyo isomwe kama hadithi fupi. Ina tukio moja. Ina kitu kimoja, nacho ni kigoda. Jambo lenyewe limetendeka mhusika mkuu akiwa hayupo, na anachoweza kukifanya ni kuchelewa tu. Aliyekosea ni nani? Mwindaji aliyeacha kigoda? Wageni waliokaa bila kukaribishwa? Simulizi haisemi. Haina methali ya kuifunga, na kwa sababu hiyo watu wamekuwa wakiisimulia na kubishana juu yake kwa vizazi.

Huko Marekani jambo kama hili lililetwa na misukosuko ya biashara. Kabla ya vita hadithi fupi ilikuwa chakula cha magazeti makubwa ya kila wiki, na mwisho wenye kushangaza ulinunuliwa vizuri. Televisheni ikayanyang'anya magazeti hayo matangazo na wasomaji: Collier's lilikufa mwanzoni mwa 1957, na The Saturday Evening Post likasimama mwaka 1969. Hadithi ikahamia katika majarida machache na vyuo vikuu, kama kile cha Iowa alikosoma Flannery O'Connor, na huko msomaji aliweza kuvumilia mwisho ulio wazi. Hata hivyo uvumilivu huo haukuja bure. Shirley Jackson alipochapisha The Lottery katika The New Yorker mwezi Juni 1948, hadithi ya kijiji kinachopiga kura kila mwaka na kumpiga mawe anayeangukiwa, zilimjia barua zaidi ya 300, nyingi zikidai kuelezwa maana yake. Yaani hata New York walitaka funzo lao.

Hatutoi mfano huu ili watunzi wetu waige Wamarekani. Tunautoa ili mwalimu asiogope darasa linaponuna kwa sababu hadithi haikusema ujumbe wake ni nini. Swali la "hadithi hii inatufundisha nini?" lina nafasi yake katika mtihani, likiulizwa la kwanza, huua masomo mengine yote. Mji wenyewe wa Sumbawanga unayajua madhara ya kufasiriwa upesi: jina lake, ambalo husemwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, limetosha kuwafanya wageni wengi waamini wameumaliza mji kabla ya kushuka garini.

Roy Willis, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza, aliishi Ufipa kati ya 1962 na 1964 akikusanya masimulizi. Kitabu chake juu ya sanaa hiyo kilitolewa Oxford mwaka 1978, kwa Kiingereza, na jina lake linatokana na maneno ya kufungulia hadithi: palikuwa na mtu mmoja. Mwaka uleule, basi, ambao Kezilahabi na Ruhumbika walikuwa wakiitanua hadithi fupi ya Kiswahili, hadithi za Ufipa zilikuwa zikivuka bahari kwa lugha nyingine.

Kuzirudisha ni kazi inayoweza kuanzia darasani, kwa mwanafunzi kumsikiliza bibi yake kwa Kifipa na kuandika kwa Kiswahili. Ugumu ataukuta mapema. Wale wanawake watatu aandike kwamba walikaa, walikalia, au walinyakua? Akiandika "walinyakua" amekwisha kuwahukumu. Akiandika "walikaribishwa" amemhukumu mwenye nyumba. Mwalimu na amwache ahangaike na kitenzi hicho kwa kipindi kizima.