Ndege Ikiwa Chini

Wengi wanaoweka simuleta ya urubani kwenye kompyuta zao wana haraka ya kupaa. Huiweka ndege moja kwa moja kwenye kichwa cha njia ya kurukia, wakasukuma injini hadi mwisho, na punde wako juu ya Ziwa Tanganyika. Nawasikitikia. Wameiacha safari ya magurudumu, ile ya kutoka kwenye maegesho hadi mwanzo wa lami ndefu, na kwangu hakuna sehemu tamu kuliko hiyo. Kuiendesha ndege chini ni ufundi uliokamilika, na sisi wa mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, tuna mwalimu wake anayepita mtaani.

Mwalimu huyo ni dereva wa trela aliyetoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Mtazame anapokata kona ya mtaa uliobana. Hageuzi pale ambapo dereva wa teksi angegeuza. Anasonga mbele kwanza, hadi unadhani kona imempita, kwa kuwa anajua magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele, huvutwa kwa ndani. Ndege kubwa ni hivyo hivyo. Katika Airbus A330, aina ambayo Brussels Airlines huileta Bujumbura, rubani ameketi mita kadhaa mbele ya gurudumu la pua, na magurudumu makuu yako mbali kule chini ya mabawa. Akigeuza mara tu macho yake yanapofika kwenye kona ya mstari wa manjano, gurudumu la upande wa ndani litaingia majanini. Inambidi auache mstari upite chini ya miguu yake, aone nyasi mbele ya kioo, ndipo azungushe. Huo ni ujasiri, hata ukiwa umeketi kwenye kiti cha plastiki chumbani.

Halafu kuna mikono na miguu. Katika Boeing 737 pedali hugeuza gurudumu la pua digrii 7 tu, za kunyoosha mwendo. Kona huchukuliwa kwa usukani mdogo wa mkono, unaofika digrii 78. Nyumbani wengi wetu tuna kijiti kimoja kinachofanya kazi zote mbili, kwa hiyo mguso mdogo wa kunyoosha pua huweza kuwa kona kali. Fundi hukaa na programu yake, akapunguza wepesi wa kijiti karibu na katikati, akajaribu, akapunguza tena. Mwenye kibodi pekee hugonga kitufe cha breki kidogo kidogo, asikishikilie. Cessna 172 ndiyo shule nzuri ya kuanzia: pedali zake huipa pua kama digrii 10 kila upande, na ukiongeza breki ya upande mmoja inafika 30.

Mwendo nao hudanganya. Ukiwa juu kwenye chumba cha rubani wa ndege kubwa, ardhi huonekana ikipita taratibu kuliko ilivyo, na kiti cha nyumbani hakikutikisi kukuonya. Macho ndiyo mwili wako wote. Yatupe mbali, mwisho wa mstari, na mara moja moja dirisha la pembeni. Iache ndege ijiongeze yenyewe hadi kilomita 35 hivi kwa saa, kanyaga breki mara moja ishuke hadi 18, kisha achia kabisa. Anayeburuza breki njia nzima anazichemsha bure.

Na upepo! Mchana ziwa hupuliza kuelekea nchi kavu, na mkia wa ndege husukumwa kama bendera, pua ikitafuta upepo unakotoka. Simuleta nyingi, kwa maoni yangu, hulizidisha jambo hili. Kwenye ndege ndogo, upepo ukitoka mbele kwa upande, zungusha usukani uuelekee. Ukitoka nyuma kwa upande, uzungushe uupe kisogo. Bawa linalopigwa halitainuka.

Asiyeona haja ya umakini huu akumbuke Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Boeing 747 mbili ziligongana katika ukungu kwenye njia ya kurukia, moja ikiwa bado inatambaa kwa magurudumu yake, nyingine ikianza kuondoka. Watu 583 walikufa. Ndiyo maana hata peke yangu, bila abiria, husimama kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia, nikaangalia pande zote mbili, nikataja kwa sauti nilipo.

Jioni nikirudi kwenye uwanja wetu wa ndege wa Bujumbura, wenye kuba nyeupe, kazi ngumu bado ipo: kuegesha. Kona ya mwisho huimaliza mapema, ili zibaki mita chache za kwenda sawasawa kabla ya kusimama. Mita hizo hunyoosha gurudumu la pua, na kesho ndege itaanza safari bila kuvuta upande.