Ubao Unaosomeka: Jinsi ya Kuchagua Bao Karagwe na Kyerwa

Ukienda kwa seremala wa Kayanga au Nkwenda ukamwomba akuchongee bao, swali la kwanza analopaswa kukuuliza ni hili: unataka la mchezo upi? Asipouliza, mshukuru na utafute mwingine.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika wilaya hizi mbili kwa sababu zipo kwenye kona inayokutanisha michezo mitatu mikubwa ya kete. Kutoka pwani limepanda bao la Kiswahili. Ukivuka Mto Kagera pale Murongo kuelekea Kikagati, umeingia Uganda, nchi ya omweso. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto huohuo, Wanyarwanda wanacheza igisoro. Yote mitatu ina safu 4 za mashimo 8, na yote inatumia kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Anayetazama kwa mbali atadhani ni mchezo mmoja, lakini hata ubao wenyewe haufanani.

Bao la Kiswahili lina nyumba, yaani shimo la tano la safu ya mbele kutoka kushoto, ambalo mafundi wengi hulichonga la mraba. Mchezo unaanza na kete 6 nyumbani, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi. Hizo za mkononi zinaingizwa mojamoja wakati wa kunamua, na zikiisha ndipo unapoanza mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Ulichokula unakipanda upande wako mwenyewe, kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Omweso na igisoro havina nyumba. Kete zote zipo ubaoni tangu mwanzo, na ili ule ni lazima mashimo yote mawili ya mpinzani yanayokukabili yawe na kete. Kwenye omweso kuna pia ushindi wa kukata maneno: kula vichwa vyote viwili vya mpinzani kwa mkono mmoja. Kwa hiyo ubao wa omweso hautaki shimo la mraba. Mtu anaweza kucheza omweso kwenye ubao wa Kiswahili, ndiyo, ila shimo moja kubwa kuliko mengine litamdanganya macho mchezo mzima.

Macho ndiyo kipimo changu cha kila kitu katika ufundi huu. Mchezaji mzuri hachokonoi shimo kwa kidole ili ahesabu. Anatupa jicho na kujua kwamba hapa kuna 3, pale kuna 7, na kwamba kete ya mwisho ya zile 7 itaangukia shimo lenye kitu, na kutoka hapo mkono utaendelea mpaka ulale, yaani uishie kwenye shimo tupu. Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alichapisha utafiti wake kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, watu wanaobeba hesabu ndefu kichwani bila karatasi wala kalamu. Ubao mzuri ni ule unaoisaidia kazi hiyo. Ubao mbaya unaizuia, hata ukipendeza namna gani ukutani.

Anza na mashimo, usianze na mapambo. Shimo liwe na mteremko laini kama bakuli, ili vidole vizoe kete zote kwa mzoo mmoja. Fundi mwenye haraka anazamisha patasi wima na kuacha pembe kwenye sakafu ya shimo. Kete ya mwisho inang'ang'ania pale, mchezaji anaikwangua kwa ukucha, na hesabu iliyokuwa kichwani inapotea. Tia kete 3 ndani ya shimo: zilale kandokando, zote zikionekana. Kisha tia 12: zisimwagike. Shimo likifaulu majaribio hayo mawili, kina chake kinatosha. Sasa pitisha kidole gumba juu ya kingo za mashimo yote 32, ukiwa umefumba macho. Ukihisi moja limezama zaidi ya jirani zake, na si nyumba, umegundua mahali fundi alipochoka.

Ukuta kati ya shimo na shimo nao una kazi. Ukiwa mwembamba, utamegeka kabla ya miaka mingi kwa sababu mikono inaugonga kila siku. Ukiwa mpana mno, ubao unarefuka na mchezaji anainuka kitini kufikia shimo la mbali. Mimi napenda ukuta ninaoweza kuulalishia kidole kimoja.

Halafu mti. Mvule na mninga ndizo mbao ambazo sina wasiwasi nazo: zinakaa, hazipindi ovyo, na rangi yake inatulia kadiri zinavyoshikwa. Tatizo ni bei na upatikanaji, na mninga kwetu huja kutoka mbali. Ndiyo maana utauziwa sana grevilea, mti uliojaa kwenye mashamba ya kahawa. Si mbaya ukiwa mkavu kweli, ila ni mwepesi, na ubao mwepesi unateleza mezani mkono unapokolea. Mkaratusi uukatae mpaka uthibitishiwe kwamba umekauka muda mrefu kivulini. Mkaratusi mbichi unapasuka, na ufa unaanzia kwenye ncha za ubao, karibu na vichwa. Kwa hiyo ugeuze ubao na uzitazame ncha zake mbili. Fundi mjanja huziba ufa kwa vumbi la mbao na gundi, kisha anapitisha msasa. Mwaga maji kidogo pale: mti utakunywa, gundi haitakunywa.

Vanishi ya kung'aa siitaki kabisa. Chini ya taa ya barazani inarudisha mwanga machoni, na kete zinafifia. Mafuta kidogo yaliyosuguliwa kwa kitambaa yanatosha.

Wajapani wameufikisha mbali ujuzi wa namna hii. Ubao wa mchezo wao wa go ulio bora kabisa unachongwa kutokana na mti uitwao kaya, na wajuzi wanausoma mkao wa nyuzi zake kabla hawajataja bei. Kete nyeupe zinatengenezwa kwa magamba ya kombe wa baharini, nyeusi kwa jiwe. Upande wa chini wa ubao huchimbwa kishimo, na inasemwa kinasaidia mlio wa kete inapotua. Sisi nasi tuusikilize ubao. Angusha kete moja katika shimo la katikati: mlio mfupi na mzito unaashiria mti mkavu usio na ufa. Ukisikia mkwaruzo, weka pesa mfukoni.

Kete za pwani ni komwe, mbegu ya kijivu, ngumu na nyororo. Zikipatikana, nunua zaidi ya 64, kwa sababu zinapotea. Chagua zinazolingana ukubwa, na tupa yenye tundu hata dogo, maana imeliwa na mdudu na itakuwa nyepesi kuliko nyingine. Katika nchi ya kahawa kuna wanaoshawishika kutumia buni. Ni nyepesi mno, mkono unaopanda hauhisi kama umeachia moja au mbili, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Gololi za watoto zinaviringika na kupitisha mwanga, kwa hiyo hazisomeki. Kokoto zinasomeka vizuri, lakini zinautafuna mti.

Nikirudi kwa Wajapani, kuna jambo linalonigusa. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ilitoa mchezo wa video uitwao Mother 3 na haikuuza toleo lolote nje ya Japani. Mwaka 2008 mashabiki wa nje waliutafsiri wenyewe kwa Kiingereza, bila malipo, kwa sababu waliujua ubora wake. Mchezo ule ulifungwa na lugha. Yetu haina hata herufi moja, ila kanuni zake zimekaa vichwani mwa wazee. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilitoa mkusanyiko wa michezo 51 ya dunia kwa mashine ya Switch, na wa kwanza katika orodha ni mancala. Ukiufungua utakuta safu 2 za mashimo 6, ule mchezo mwepesi unaochezwa Marekani. Mtoto wa Kyerwa akiuona atadhani hicho ndicho Afrika ilichokuwa nacho.

Kwa hiyo programu za simu za michezo hii nazipima kwa ukali uleule. Ile inayoandika idadi ya kete juu ya kila shimo, bila njia ya kuizima, siichezi, kwa sababu imemnyang'anya mchezaji kazi aliyopaswa kujifunza. Kwa bao la Kiswahili, jaribu mambo mawili. Kwanza, jaribu kutakata, yaani kucheza bila kula, wakati kuna cha kula: programu ikikuruhusu, aliyeitengeneza hajui kwamba kula ni lazima. Pili, unaponamua na kula, fikisha kete ya mwisho nyumbani pasipo cha kula mbele yake: ikuulize kama unalala au nyumba inasafiri, yaani kete zake zinazolewa na kupandwa. Isipouliza, ifute. Kwa omweso, angalia kama inakuachia upange kete zako 32 upendavyo kabla ya mchezo. Isipokuachia, hiyo si omweso.

Kama una ubao wa zamani nyumbani, usiupige rangi na usimuuzie mtu anayetaka pambo la ukutani. Ushushe, ufute vumbi, hesabu kete zilizobaki, kisha umpelekee mzee wa jirani yako na umuulize ni wa mchezo upi na ulikuwa ukichezwaje. Andika majibu yake yote, pamoja na yale anayobishana na wenzake.