Herufi Nene za Katesh

Barabara ya Babati kwenda Singida inapita Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,417, na abiria wa basi ana sekunde chache tu za kusoma ukuta wa duka. Hapo ndipo herufi nene yenye vijiguu, yaani vimstari vidogo kwenye ncha za herufi, inapolipa gharama yake.

Tazama jina HANANG likiandikwa kwa mkono. Fundi wa maandishi anapiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, anachora herufi kwa penseli, ndipo anachovya brashi bapa. Wanaojifunza hukwama kwenye A. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba, wa kulia mnene. Ukikosea, jina zima linakaa kama limesomwa kwenye kioo. N ndiyo yenye hila zaidi: nguzo zake mbili ni nyembamba, unene wote umebebwa na mshazari wa katikati. Desturi hiyo ilitokana na kalamu pana iliyoshikwa kwa kuinamishwa. G nayo, kwa kuwa ni ya mviringo, lazima itokeze kidogo juu na chini ya mistari, la sivyo itaonekana fupi kuliko wenzake. Itokeze kiasi gani? Hakuna rula ya kupima hilo. Ni jicho.

Vijiguu huja mwisho, na kona zake hujazwa kwa pindo dogo ili vishikane na nguzo. Ndiyo sura ya Clarendon, herufi iliyotolewa London mwaka 1845 na Robert Besley, ikatumika sana kukoleza maneno katika kamusi.

Kwa kamusi, Mbulu ina hoja yake. Kiiraqw, kinachozungumzwa huko, kina sauti ya kooni inayoandikwa kwa mkwaju (/); ndivyo ilivyo katika kamusi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling ya mwaka 2002. Lakini katika fonti nyingi nene mkwaju umechorwa kama alama ya kutenganisha tu: mwembamba, bila kijiguu. Ukitangulia herufi iliyonenepa unaonekana kama mkwaruzo ukutani, si herufi. Mwenye brashi haombi ruhusa ya mtu. Anaupa unene wa nguzo, na neno linatimia.

Kompyuta ina kasi, sibishi. Ila jina refu likibanwa ili litoshe kwenye bango, nguzo hukonda huku mistari ya mlalo ikibaki na unene wake, na kazi yote ya mbunifu inaharibika kwa kuburuta kipanya mara moja. Makosa haya yamejaa, na yanaepukika.

Kwa hiyo, mwenye duka, kabla hujakubali herufi zibanwe, punguza maneno. Namba moja ya simu inatosha. Na kama ukuta upo, mwite fundi.