'Jina la ukoo' lamnyima mtu wa Habaswein jina lake

Nilikuwa Habaswein, Wajir Kusini, nimemtembelea mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuoni. Tukiwa kwenye chai, akaingia mzee jirani yake na fomu ya kumwombea bintiye msaada wa karo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na chini ya kila neno pana Kiswahili chake. Mzee alikuwa amejaza yote isipokuwa nafasi moja: 'Surname – Jina la ukoo'.

"Adeer," akaniambia, yaani ami, "hapa wanataka nini hasa? Wakitaka ukoo wangu nitawatajia, lakini hauko kwenye kitambulisho. Wakitaka jina la mwisho, hilo ni la babu yangu. La mwisho la binti yangu ni la babu yake yeye. Hayawezi kufanana! Mwaka jana fomu ilirudi, ati mimi si baba yake."

Mwenzangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa maana miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba 'surname' ni jina la ukoo, nikasonga mbele.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Waingereza walilipata kwa Wafaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya 'juu', hivyo 'surname' ni jina lililowekwa juu ya jina. Hapo mwanzo halikuhusu ukoo hata kidogo. Lilikuwa lakabu: John mhunzi akawa John Smith, John wa kilimani akawa John Hill, mwana wa John akawa Johnson. Ilichukua karne kadhaa kwa lakabu hizo kuganda na kurithishwa, hata mtu asiyewahi kushika nyundo akaitwa Smith.

Majirani zao wa Wales walikuwa wakijitaja kama Wasomali: fulani 'ap' fulani, yaani mwana wa fulani. Utawala wa Kiingereza ulipowafikia, majina hayo yaligandishwa. 'Ap Rhys' likawa Price, 'ap Hywel' likawa Powell. Kule Iceland watu wengi wamekataa kuganda hadi leo. Mwana hubeba jina la mzazi wake na orodha ya simu hupangwa kwa jina la kwanza. Wala serikali yao haijaanguka.

Sasa turudi Habaswein. Tuseme mtu anaitwa Abdi Hassan Omar. Abdi ni yeye, Hassan ni babake, Omar ni babu. Bintiye ataitwa Halima Abdi Hassan, na hata akiolewa hatabadilisha. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kuhesabu mababu zake mmoja baada ya mwingine, na hesabu hiyo huiita abtirsi. Majina matatu ya kitambulisho ni kipande tu cha mnyororo huo mrefu, na jina la ukoo halimo.

Ukimlazimisha Abdi aandike Omar kuwa 'jina la ukoo', umeandika uongo mara mbili. Kwanza, Omar si ukoo, ni mtu mmoja aliyezaa na kufa. Pili, kwenye karatasi Abdi atakuwa ukoo mmoja na kila Omar wa Garissa, Mandera na Mombasa, huku binti aliyemzaa mwenyewe akihesabiwa mgeni.

Wapo watakaosema hili ni neno tu, watu wataelewana. Mbona mzee yule hawakuelewana naye? Katika eneo ambalo wakazi walipigwa msasa mwaka 1989 kuthibitisha kwamba ni Wakenya, majina yasiyolingana si jambo dogo. Ni shaka inayosubiri mtu wa kuiuliza.

Wengine watasema desturi hubadilika. Kweli, tena mifano ipo. Marehemu Mohamed Yusuf Haji alikuwa Seneta wa Garissa. Kwa mpangilio wa zamani wanawe wangekuwa fulani Mohamed Yusuf. Lakini tunamjua Noordin Mohamed Haji, na tunamjua Abdul Mohamed Haji aliyerithi kiti hicho mwaka 2021. Hapo 'Haji' limeganda, likawa jina la familia mbele ya macho yetu. Ndivyo lilivyoganda 'Moi', ambalo katika 'arap Moi' lilimaanisha tu mwana wa Moi. Ndivyo pia lilivyoganda 'Kenyatta', jina ambalo Mzee Jomo alijipa mwenyewe. Sina ugomvi na familia inayochagua hivyo. Ugomvi wangu ni na fomu inayomchagulia mtu.

Magazeti yetu nayo hayana pa kujificha. Tukiandika habari ya Halima Abdi Hassan, aya ya pili tunamwita 'Bi Hassan'. Tumemwita binti kwa jina la babu yake! Ilhali Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, twamwita 'Dkt Abiy', tukijua vyema kwamba Ahmed ni babake. Heshima tuliyompa jirani wa Addis Ababa inatushinda nini kumpa raia wa Wajir?

Kiswahili hakijakosa maneno. Tunalo 'ubini', lililotokana na 'bin', nalo linamfaa anayejitaja kwa babake. Tunalo 'lakabu'. Tunayo 'jina la familia' kwa wenye jina lililoganda. Fomu ingeuliza tu: jina lako, jina la baba, jina la babu, kisha jina la familia kama lipo. Mhunzi wa Kiingereza na mfugaji wa Habaswein wangejaza wote bila kudanganya.

Hata jina la mji huo linasema lenyewe ukiliuliza kwa lugha yake: 'habaas' ni vumbi, 'weyn' ni kubwa. Anayelisoma bila kuuliza hupata herufi tupu.

Jioni ile tuliandika jina la babu penye nafasi, na pembeni mzee akaongeza kwa mkono wake: "Huyu ni binti yangu. Jina lake la pili ndilo langu la kwanza." Natumaini aliyeipokea fomu hiyo aliisoma pembeni.