Hitilafu Isiyo na Anwani

Kiwango cha 10BASE-T, Etheneti ya nyaya za aina ya simu, kilipopitishwa mwaka 1990 hakikuongeza kasi hata kidogo. Megabiti 10 kwa sekunde zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika vipimo vya Etheneti vilivyotolewa na Digital, Intel na Xerox mwaka 1980, wakati wa kebo nene, na ndizo zilizoendelea kupita kwenye kebo nyembamba iliyoirithi katikati ya muongo ule. Mfumo mpya ulikula waya mwingi zaidi, ukaweka mpaka wa meta 100 kwa kila kompyuta, na ukamlazimu mwenye ofisi kununua habu, kifaa cha kati kilichounganisha nyaya za kompyuta zote, ambacho kebo nyembamba haikuwa na haja nacho. Pamoja na gharama zote hizo, haikupita miaka mingi kebo nyembamba ikaanza kung'olewa maofisini. Wengi husema ni kwa sababu majengo yalikuwa tayari na nyaya za aina ya simu ukutani. Hilo ni kweli, ila linaeleza urahisi wa kuhama tu, halielezi hamu ya kuhama. Kwa maoni yangu, kebo nyembamba iliponzwa na jambo moja: ilipoharibika, haikusema imeharibikia wapi.

Kebo yenyewe, RG-58, ilipita nyuma ya meza kutoka kompyuta hadi kompyuta, kipande kizima kisizidi meta 185 wala vituo 30. Kila kadi ya mtandao ilivaa kiungio cha BNC cha umbo la T, na kwenye ncha mbili za kebo kulikuwa na vizibo vyenye ukinzani wa omu 50 kila kimoja. Mtu akisogeza meza na kebo ikachomoka katikati, ungetarajia mtandao ugawanyike vipande viwili na kila upande uendelee na kazi zake. Haikuwa hivyo, pande zote mbili zilikufa papo hapo. Transiva ya Etheneti ya koaksia husukuma mkondo wa umeme kwenye kebo na kutambua mgongano kwa kupima wastani wa volteji. Kebo ikiwa nzima, vizibo viwili kwa pamoja ni omu 25. Ikikatika, kila upande unabaki na kizibo kimoja, ukinzani unakuwa omu 50, na mkondo uleule unazaa volteji maradufu, kiasi ambacho kwa kawaida huonekana pale vituo viwili vinapotuma kwa pamoja. Isitoshe, mawimbi yanayofika kwenye ncha iliyo wazi hurudi yalikotoka na kuivuruga fremu inayokuja nyuma. Basi kituo kinatuma peke yake, kinadhani kimegongana na mwenzake, kinasubiri, kinarudia, na baada ya majaribio 16 kinaitupa fremu. Wafanyakazi wote wanalalamika kwa wakati mmoja, na malalamiko yao yote yanafanana. Fundi hana pa kuanzia.

Chombo chake kikuu kilikuwa multimita ya kawaida. Alizimisha kompyuta, akaitoa T moja kwenye kadi, akagusisha ncha moja ya kipimo kwenye pini ya katikati na nyingine kwenye gamba la nje. Akisoma karibu na omu 25, kebo ni nzima. Akisoma 50, upande mmoja umekatika au kizibo kimeng'oka. Akisoma karibu na sifuri, pengine uzi mmoja wa wavu wa nje umebanwa hadi ukaigusa pini, kosa la kawaida la kiunganishi kilichofungwa haraka haraka. Baada ya hapo alikwenda katikati ya kebo, akaikata kwa kizibo cha akiba, akaangalia nusu ipi imefufuka, kisha akaigawa tena ile iliyokataa. Kwa vituo 30, migawanyo mitano ilitosha. Ni njia nzuri, na mimi naihesabu miongoni mwa mbinu safi kabisa za ufundi wa mitandao, lakini kila mgawanyo ulimaanisha ofisi nzima kusimama tena.

Mtu anaweza kudai kuwa lawama ni za mafundi wazembe, na kwamba kebo iliyofungwa vizuri haikatiki. Dai hilo linasahau kwamba kebo ilipita miguuni mwa watu ambao hawakujua kazi yake. Tena, kuna makosa ambayo multimita haiyaoni. Kebo ya televisheni, RG-59 ya omu 75, inapokea viunganishi vya BNC vilevile. Ukiunga kipande chake katikati, kipimo bado kitasoma 25, kwa kuwa kinachopimwa ni vizibo na wala si tabia ya kebo mbele ya mawimbi. Kulikuwa na vifaa vya kutuma mpigo na kupima mwangwi wake ili kujua umbali wa kasoro, lakini havikuwa vifaa vya mfuko wa kila fundi. Linganisha na udhia wa kadi ya NE2000, ambayo kiwandani ilipangiwa namba ya ukatizaji (IRQ) 3, ileile ya tundu la COM2, hivyo vifaa hivyo viwili viliigombania. Lilikuwa tatizo sugu, ila liliikumba kompyuta moja, na fundi alijua akae mbele ya ipi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba habu ikifa, wote wanakwama. Sawa, lakini inajulikana ilipo, na kila tundu lina taa yake; waya mbovu unazima taa moja, na tundu linaloleta migongano mfululizo hutengwa na habu yenyewe. Atakayeuliza kwa nini basi Token Ring ya IBM, iliyokuwa na mpangilio wa nyota kama wa habu tangu miaka ya 1980, haikutawala, jibu liko kwenye bei ya kadi zake: urahisi wa kutafuta kasoro uliamua ushindani kati ya nyaya za Etheneti, haukuamua kila ushindani. Wala koaksia haikutoweka siku moja. Habu nyingi za mwanzo ziliuzwa zikiwa na tundu la BNC, na kebo nyembamba ikabaki kuunganisha habu na habu ndani ya kabati lililofungwa, mahali ambapo ni fundi tu aliyekuwa na ufunguo.