Kufungua kwa Stima, Kufunga kwa Kipimo

Toyota inataka nati za magurudumu ya magari yake mengi madogo zikazwe kwa nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 103. Spana ya stima, ile mashine ya waya inayofungua nati kwa kugonga, mara nyingi huwa imeandikwa ubavuni nyutoni-mita 300, 400 au zaidi. Ina uwezo mara tatu au nne ya unaohitajika, na ikiwa mkononi mwa fundi mwenye foleni ya wateja, haina namna ya kujua ikomee wapi. Ninayotaka kusema kuhusu usalama wake yanaanzia kwenye pengo hilo. Ni mashine nzuri sana ya kufungulia nati, lakini haifai kumalizia kuzifunga.

Hurlingham, mtaa wa Nairobi, ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hii. Kuanzia Argwings Kodhek Road hadi pande za Yaya na Ngong Road, nyumba za zamani zenye bustani zimepisha maghorofa. Magari yameongezeka, nafasi ya kuyatengenezea imepungua. Tairi hubadilishwa pembeni mwa kituo cha mafuta, nyuma ya duka, au katika maegesho ya chini ya jengo, stima ikivutwa kwa ekstensheni kutoka kibanda cha askari wa lango. Kompresa ya hewa inataka nafasi, mtaji na muda wa kujaa. Mashine ya betri inataka betri ya akiba na chaja. Hii ya waya inataka soketi ya ukutani tu, kwa hiyo inafika hata pale ambapo hapakuandaliwa kuwa gereji.

Inavyogonga

Ndani yake mota huzungusha kipande kizito cha chuma, nyundo, kinachokipiga kipande kingine, fuawe, kilichoungana na ncha inayoshika soketi. Nati ikiwa nyepesi, nyundo na fuawe huzunguka pamoja. Nati ikikataa, nyundo hurudi nyuma ikibana springi, hujinasua, hushika kasi, kisha hugonga tena. Mashine inayotoa mapigo 2,700 kwa dakika inagonga mara 45 kila sekunde. Kwa kuwa kila pigo ni fupi mno, mkono haupokei msokoto wote unaoifikia nati, ndiyo maana mtu mwembamba anaweza kufungua nati iliyoshinda wanaume wawili na bomba.

Mtego uko hapo hapo. Anayekaza kwa mkono huhisi nati inavyofika mwisho, bega lake linampa habari. Anayekaza kwa mashine hapati habari hiyo. Akishikilia kifyatulio sekunde tatu, ameshapiga mapigo zaidi ya 130, na nguvu iliyobaki kwenye nati inategemea urefu wa kiungio, uchakavu wa soketi, kutu, mafuta kwenye nyuzi za bolti, hata stima iliyoshuka jioni. Nati tano za gurudumu moja zinaweza kuishia na nguvu tano tofauti.

Stima kwanza

Kenya tunatumia volti 240, na plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani. Wengi huamini fyuzi hiyo inamlinda mtu. Inalinda waya usiungue. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani unatosha kuhatarisha maisha, nayo fyuzi ya ampea 13 inavumilia zaidi ya mara 400 ya hapo. Mwili wenye ngozi iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa karibu omu 1,000. Ukiuweka kwenye volti 240, mkondo unaopita ni miliampea 240. Moyo unavurugika na fyuzi haijui kama kuna lolote.

Kinachomlinda mtu ni swichi ya usalama inayokata stima pindi inapovuja, ile ya miliampea 30. Ikikutana na uvujaji mkubwa, swichi nzima hukata ndani ya milisekunde 40. Ina kitufe cha kujaribia, na kinafaa kubonyezwa kabla ya kazi kuanza. Iko ya kufungwa kwenye boksi la stima, iko pia ya kuchomekwa ukutani kabla ya ekstensheni. Kwa anayefanya kazi nje, msimu wa mvua za Machi hadi Mei, sakafu imelowa na viatu vimelowa, sioni kifaa kinachostahili kununuliwa kabla ya hiki.

Mashine nyingi za aina hii zina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Maana yake zina kinga mbili ndani na hazihitaji waya wa arthi. Lakini kinga hizo haziwezi kitu waya ukichanika nje. Kwenye gereji waya hukanyagwa na magurudumu ya jeki, hubanwa na rimu, huvutwa na gari linalorudi nyuma. Waya uliochanika ubadilishwe wote. Utepe mweusi ni wa kuficha jeraha, hauliponyi. Waya upite nyuma ya fundi, mbali na maji, na plagi ichomolewe kila soketi inapobadilishwa.

Kuna desturi mbili za kuachwa leo. Ya kwanza ni kuchomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukuma kijiti au kalamu kwenye tundu la arthi. Tundu lile hufungua vizuizi vya matundu mengine mawili, na plagi isiyolingana hukaa kwa kulegea, hupata moto na kuyeyuka. Ya pili ni kutumia mashine iliyotoka Marekani ikiwa imetengenezwa kwa volti 120. Ukiipa volti 240 unairundikia takriban mara nne ya nguvu iliyokusudiwa. Kuhusu ekstensheni ya kuviringisha, ifunguliwe yote: waya uliobaki kwenye gurudumu lake hauna pa kupozea joto.

Petroli na cheche

Mota nyingi za waya zina brashi za kaboni, na brashi hutoa cheche kila mashine inapozunguka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutulia kwenye mashimo na mifereji. Ukiweka hayo mawili pamoja katika kituo cha mafuta, huhitaji maelezo zaidi. Kazi ya tairi ifanyiwe mbali na pampu, mbali na lori linaloshusha mafuta, na kamwe isifanyiwe kando ya gari lililofunguliwa tangi au linalovuja.

Soketi, macho, masikio

Soketi zinazong'aa ni za mkono. Chuma chake ni kigumu na kuta zake ni nyembamba, na kikigongwa mara 45 kwa sekunde kinaweza kupasuka vipande. Za mashine ni nyeusi, zina kuta nene, na hutengenezwa kwa chuma cha kromu na molibdenamu kinachostahimili pigo bila kuvunjika. Hata hivyo miwani ya usalama haiepukiki, kwa sababu kutu na vumbi la breki hurukia usoni pa aliyechuchumaa. Nati ya kufuli ya rimu za aloi ifunguliwe kwa mkono, maana ufunguo wake huvunjika upesi. Glovu ziwe za kubana mkono. Za pamba zilizolegea hunaswa na soketi inayozunguka.

Kelele hudharauliwa kwa sababu madhara yake huja polepole. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Kila desibeli tatu zinazoongezeka huongeza nishati maradufu, kwa hiyo desibeli 99 humaliza kipimo cha siku nzima katika saa moja, na mashine hii inaweza kufika huko. Piga hesabu ya fundi mwenye magari 20, magurudumu manne, nati tano, kufungua na kufunga, sekunde tatu kila mara: ni dakika 40 za kelele. Ndani ya maegesho ya chini, zege huirudisha kelele ile ile sikioni. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo, na sikio likishakufa halirudi.

Mtetemo nao una historia. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za hewa, akaeleza vidole vilivyokufa ganzi na kugeuka vyeupe kwenye baridi. Fundi anayehisi ganzi hiyo asubuhi za Julai apumzishe mikono na aende hospitali mapema.

Gari, kisha nati

Kabla ya kifyatulio chochote: breki ya mkono, gia, jiwe au kabari kwenye gurudumu la upande wa pili, sehemu tambarare. Kwenye mteremko kama wa Valley Road kazi isianze kabisa, gari lisogezwe. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kushikilia.

Kufunga kunaanza kwa vidole. Kila nati izungushwe kwa mkono mizunguko kadhaa, ili ikikaa upande ijulikane kabla haijaharibu nyuzi. Kisha zifuatwe kwa mfumo wa nyota: kwa nati tano, ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne. Mashine ikitumika hapa, iguse tu, mpaka rimu ikae sawa kwenye habu. Gari lishushwe, na nati zimaliziwe kwa spana ya kipimo iliyowekwa kwenye namba ya kitabu cha gari husika.

Anayekaza kupita kiasi hafanyi usalama zaidi. Bolti iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi ilivyokuwa, na huja kukatika siku nyingine. Diski ya breki iliyobanwa bila usawa huanza kutetemeka. Kisha kuna dereva atakayepata pancha usiku kwenye Southern Bypass. Spana ya gari lake ina urefu wa kama sentimita 25. Nati ya nyutoni-mita 103 inamtaka asukume kwa uzito wa kilo 42 hivi. Ile iliyokazwa kwa 300 inamtaka kilo 122. Hawezi, na atabaki barabarani kwa sababu ya sekunde tatu za Hurlingham.

Baada ya rimu kutolewa na kurudishwa, nati zikaguliwe tena gari likishatembea kati ya kilomita 80 na 150. Anayeelekea Naivasha, karibu kilomita 90, aangalie akifika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi jukumu la kuwalinda wanaofanya kazi hapo, na gereji ya pembeni mwa barabara ni mahali pa kazi. Mwenye fedha kidogo anunue kwa mpangilio huu: swichi ya usalama, miwani na vizibo vya masikio, soketi nyeusi, spana ya kipimo. Vitatu vya kwanza vinamlinda fundi, cha nne kinamlinda mteja. Mteja naye ana wajibu wake: aulize gari lake linataka nyutoni-mita ngapi, asubiri dakika mbili za kumalizia kwa mkono, na azilipie bila kunung'unika. Fundi aliyelipwa dakika hizo hana sababu ya kuiachia mashine kazi isiyoiweza.