Mlango Uzibwe, Usivunjwe

Babu alipanda gizani. Mimi nilisikia tu kamba ikikwaruza gome la mtundu, kisha cheche za kienge zikaanza kudondoka moja moja. Tulikuwa ndani ya miombo, upande wa Sikonge mkoani Tabora, katika kambi ya warina asali ambako watu hukaa majuma kadhaa kwa ugali na dagaa. Kabla hajashika shina alinigeukia: "Mjukuu wangu, leo umekula ndizi?" Nikasema sijala. "Vizuri. Ungekuwa umekula, ungebaki kambini na masufuria."

Nilidhani ni utani wa babu na mjukuu. Baadaye nikasoma kwamba nyuki anapochoma huachia harufu ya kuwaita wenzake vitani, na kiungo kikubwa cha harufu hiyo ndicho kilekile kinachonukia katika ndizi mbivu. Kuhusu moshi, nilikuwa nimesikia kwamba huwalewesha nyuki, au huwatisha wakajishindilia asali wakidhani pori linaungua. Hilo la pili lina ukweli wake. Lakini mwaka 1995 watafiti wa California walipima vipapasio vya nyuki, wakakuta kwamba moshi huvipunguzia uwezo wa kuinusa harufu ya vita, na kwamba uwezo huo hurudi baada ya dakika 10 hadi 20. Nyuki hajalewa wala hajafa. Mwito umepigwa, ila masikio yamezibwa.

Ndiyo maana mrina asali namhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa nchi hii. Ufundi wake wote uko katika kipimo. Moshi ukipungua, atashuka mtini kama gunia. Ukizidi, asali itanuka majivu, majana yatababuka, kundi litahama. Na kienge kikimponyoka juu ya nyasi kavu, pori zima limekwenda. Pale Tabora mjini kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, na wataalamu wanahimiza bomba la moshi na mizinga ya mbao. Wana haki, maana mzinga wa gome hugharimu mti: ukiuchuna kuzunguka shina, unakufa umesimama. Hata hivyo kipimo hakiuzwi pamoja na bomba. Babu alikuwa nacho mkononi.

Yuko fundi mwingine wa kazi hii, naye hana kamba wala kienge. Ni nyigu, *Philanthus triangulum*, anayepatikana Ulaya na Afrika, ambaye Wajerumani humwita mbwamwitu wa nyuki. Jike humvamia nyuki akiwa juu ya ua, akamkumbatia, akamchoma chini ya kifua, pale penye ngozi laini nyuma ya miguu ya mbele. Nyuki hulegea papo hapo. Nyigu humminya tumbo na kulamba utamu unaomtoka mdomoni (wizi juu ya wizi), kisha humbeba hadi shimoni, na hapo yai hutagwa juu yake. Nyuki yu hai bado. Angekufa angeoza upesi, na mtoto wa nyigu anataka kitoweo kibichi. Mholanzi Niko Tinbergen aliwachunguza nyigu hawa katika mchanga wa Hulshorst miaka ya 1930, akitaka kujua wanaikumbukaje njia ya kurudi shimoni. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, yule aliyesoma maana ya ngoma ya nyuki. Nafurahi kwamba mtafiti wa mwindaji na mtafiti wa mwindwa walikaa meza moja.

Kilichomo ndani ya mwiba wa nyigu huyo ndicho kilichonipeleka vitabuni. Misuli yetu sisi huamriwa na asetilikolini, lakini ya wadudu huamriwa na glutameti. Neva ikitaka bawa litikisike, humwaga glutameti; hiyo hufika kwenye vipokezi vya msuli, navyo hufunguka kama lango la boma, chembe zenye chaji zikapita, bawa likatikisika. Glutameti si mgeni jikoni, kwani ndiyo inayoifanya nyanya mbivu ikoleze mchuzi. Na katika ubongo wa binadamu ndiyo mjumbe mkuu wa kuamsha. Mwaka 1988 Amira Eldefrawi, Koji Nakanishi na wenzao walitangaza umbo la sumu inayoliziba lango hilo, filanthotoksini-433, na wakaweza kuiunda maabara. Namba yake ni ramani: katika mkia wa molekuli, baina ya nitrojeni moja na inayofuata zimepangwa kaboni nne, kisha tatu, kisha tatu tena. Mkia huo una chaji chanya. Lango likiwa limefungwa hauna pa kuingilia. Likifunguka tu, hujipenyeza na kukwama humohumo mlangoni.

Nayo sumu hiyo haizibi kila mlango kwa nguvu moja. Katika ubongo wa wanyama kuna vipokezi vya glutameti vinavyopitisha kalsiamu, na vingine ambavyo njia yake imewekewa chaji chanya inayousukuma mkia ule nyuma. Filanthotoksini na nduguze waliotengenezwa baadaye huvibana zaidi vile vya kwanza. Kwa hiyo mtafiti mwenye kipande cha ubongo chini ya hadubini anaweza kunyamazisha kundi moja la milango, akasikiliza kinachobaki.

Kwa nini uzibe kitu unachotaka kukijua? Mtu wa Tabora haulizi swali hilo. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara ya Ujiji. Hakuing'oa, na miguu ya wapagazi ilikuwa imeichimba vizuri mno. Aliketi mlangoni tu. Mara pembe zikakwama upande mmoja, nguo za merikani na shanga upande wa pili, Waarabu wa Unyanyembe wakachukua bunduki wakashindwa, na msafiri Stanley, aliyekuwa Kwihara akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka mbali kusini ili afike Ujiji. Aliyekuwa hajui njia ile ilibeba maisha ya nani, alijua mwaka huo. Mwanasayansi wa neva ni Mirambo wa kitone kimoja: huifunga njia, huhesabu nani amelia, kisha huosha sumu kwa maji ya chumvi na kungoja, pengine kwa muda mrefu, aone kama msafara utapita tena. Namheshimu kwa kungoja huko kuliko kwa kufunga. Nyigu hangoji.

Babu naye, usiku ule mtini, alijua kwamba mlango ungefunguka tena. Alikata masega ya pembeni, akayaacha yenye majana, akaufunika mzinga kwa kifuniko chake cha gome na kushusha ndoo kwa kamba. Alipotua chini alikizima kienge kwa kukisugua ardhini, akaangalia juu, akasema tuondoke. Mimi nilikuwa nimekwisha chovya kidole ndoo nzima ikinitazama. Nikaomba kidogo tu, nilambe sega moja.

"Lamba," akasema, akaanza kutembea.

Sijui zilipita dakika ngapi. Wa kwanza alinipata shingoni, na palepale nikasikia harufu ya ndizi.